MAISHA YA SIR THOMAS LIPTON, MSHINDANI ALIYEKUBALI KUSHINDWA

Watu wengi wanalijua jina la Lipton kwa sababu wamelisoma juu ya pakiti ya chai. Lakini ni wachache wajuao kwamba Lipton alikuwa mtu kabla ya kuwa jina la biashara. Kwamba alizaliwa katika umaskini. Na kwamba sehemu kubwa ya maisha yake aliitumia kutafuta kikombe kimoja cha fedha asikipate kamwe. Tangu mwaka 1899 hata mwaka 1930 aliunda vyombo vitano vya matanga, akavipeleka ng'ambo ya Bahari ya Atlantiki kushindana na Wamarekani, na mara zote tano alishindwa. Hata hivyo Wamarekani walimpenda kuliko walivyowapenda wengi waliowahi kushinda. Sisi wanafunzi, ambao kila mwaka tunaingia katika michezo na mitihani, twaweza kupata faida tukiyajua maisha ya bwana huyu.

Thomas Lipton alizaliwa tarehe 10 Mei, 1848, katika mtaa wa Gorbals, mji wa Glasgow, nchi ya Uskoti. Vitabu vingine huandika mwaka 1850, kwa kuwa ndivyo alivyokuwa akisema mwenyewe. Wazazi wake walikuwa Waayalandi kutoka jimbo la Fermanagh. Walihama kwao katika miaka ya njaa kuu, wakati viazi vilipooza mashambani na watu kufa kwa maelfu mengi, wakaja Glasgow kutafuta riziki. Baba alifanya kazi za kibarua, kisha yeye na mkewe wakafungua kiduka kidogo cha kuuza siagi, mayai na nyama ya nguruwe. Inasimuliwa kwamba Thomas, angali mtoto, alimshauri baba yake asiwauzie wateja mayai kwa mkono wake, bali amwachie mama. Maana mikono ya baba ilikuwa mikubwa, na yai likiwa ndani yake lilionekana dogo, lakini katika mikono myembamba ya mama yai lile lile lilionekana kubwa. Mtoto huyu alizaliwa na akili ya biashara.

Katikati ya Glasgow unapita mto Clyde, na siku zile mto huo ulijaa meli zilizotoka pande zote za dunia. Thomas alipenda sana kwenda gatini kutazama milingoti na kuwasikiliza mabaharia. Yeye mwenyewe alisimulia baadaye kwamba alichonga kijimashua kwa kisu, akakitilia tanga, akakielekeza katika madimbwi ya maji ya mvua karibu na kwao. Wavulana wenzake wakachonga vyao, wakaunda chama cha mashindano, na Thomas akawa mkubwa wa chama hicho. Kijimashua chake alikiita Shamrock, jina la jani dogo lenye pande tatu ambalo ni alama ya Ayalandi, nchi ya wazazi wake. Jina hilo hakuliacha maisha yake yote.

Masomo yake hayakuwa marefu. Alipokuwa na umri wa miaka kumi na miwili hivi aliacha shule ili awasaidie wazazi, akawa mtoto wa kutumwa katika duka la karatasi, kisha akafanya kazi kwa washona mashati. Usiku alihudhuria masomo ya jioni. Baadaye akapata kazi ya utumishi katika meli iliyosafiri baina ya Glasgow na Belfast. Akiba aliyoiweka kutokana na mshahara wake mdogo ikamtosha kununua nauli ya kwenda Marekani, akasafiri peke yake, hata kijana mzima hajawa.

Huko Marekani alifanya kazi nyingi. Alifanya kazi katika shamba la tumbaku huko Virginia na shamba la mpunga huko South Carolina, akachuuza bidhaa mlango kwa mlango, mwisho akaajiriwa katika duka kubwa la vyakula mjini New York. Hapo ndipo alipofumbuka macho. Aliona jinsi duka linavyopangwa likapendeza, jinsi taa na usafi vinavyovuta watu, na jinsi matangazo yanavyoleta wateja. Mwaka 1870 hivi alirudi kwao. Wenzake wengi waliorudi kutoka Marekani walitumia fedha zao kwa anasa. Yeye alizihifadhi, na mwaka 1871 akafungua duka lake la kwanza katika mtaa wa Stobcross, Glasgow.

Habari za biashara yake zingeweza kujaza gazeti zima, lakini tutazipita upesi. Alinunua vyakula moja kwa moja kutoka kwa wakulima, akauza kwa bei nafuu, wala hakukopesha. Alipitisha nguruwe wanono katikati ya barabara za mji ili watu wacheke na kulikumbuka duka lake. Mwaka 1881 aliagiza jibini kubwa mno kutoka Marekani, akaficha sarafu ndani yake. Siku ya kuikata, polisi walihitajiwa kuzuia umati. Duka moja likazaa mawili, na mawili yakazaa kumi, hata yakazidi 200. Mwaka 1890 alikwenda kisiwa cha Ceylon, ambacho leo ni nchi ya Sri Lanka. Ugonjwa ulikuwa umeiharibu mibuni ya huko na ardhi ilikuwa rahisi, akanunua mashamba ya chai. Chai akaiuza katika pakiti zilizopimwa tayari, kwa bei ambayo hata kibarua aliweza kuilipa. Tusisahau kwamba majani hayo yalichumwa na Watamil waliotoka India ya Kusini, wanaume kwa wanawake, kwa ujira mdogo sana. Utajiri wake ulijengwa pia kwa mikono yao. Mwaka 1898 Malkia Victoria alimpa cheo, naye akaitwa Sir Thomas.

Basi sasa alikuwa na mali, cheo na jina. Mkewe hakuwapo, kwa kuwa hakuoa kamwe, na mama yake aliyempenda kuliko watu wote alikuwa amekwisha kufa. Ndipo mawazo yake yakarudi kwenye kijimashua cha utoto wake.

Yatubidi kwanza tueleze habari za kikombe chenyewe. Mwaka 1851 chombo cha Kimarekani kilichoitwa America kilivuka bahari, kikashindana na vyombo vya Waingereza kuzunguka kisiwa cha Wight, kikavishinda vyote. Zawadi ilikuwa birika refu la fedha ambalo halina kitako, hata maji hayawezi kukaa ndani yake. Mwaka 1857 wenyewe walikikabidhi kikombe hicho kwa chama cha New York Yacht Club, ili taifa lolote liweze kukishindania. Kikaitwa Kombe la Amerika, si kwa jina la nchi bali kwa jina la chombo kile. Hata mwaka 1895 Waingereza na Wakanada walikuwa wamekwenda kukitaka mara tisa, na mara tisa walirudi mikono mitupu.

Mashindano ya mwaka 1895 yalikwisha vibaya. Lord Dunraven, mkubwa mmoja wa Ayalandi, aliposhindwa aliwashtaki Wamarekani kwamba walikiongezea chombo chao uzito kwa siri usiku. Baraza likakaa, likachunguza, likaona kuwa shtaka hilo halina ukweli. Chuki ikaingia baina ya pande mbili, na wengi walidhani kwamba mashindano hayo hayatafanyika tena. Ndipo mwuza siagi wa Glasgow alipoandika barua mwaka 1898, kwa njia ya chama cha Royal Ulster cha Ayalandi, akaomba ashindane. Chama kikubwa cha mabwana wa Uingereza, Royal Yacht Squadron, hakikumkaribisha kuwa mwanachama, kwa kuwa yeye alikuwa mwenye duka.

Msomaji huenda akafikiri kwamba mashindano ya namna hii ni jambo la siku moja: watu hupanda chomboni, hupandisha matanga na kwenda. Sivyo. Siku ya mashindano ni kama siku ya mtihani. Kazi yenyewe hufanywa katika miezi mingi iliyotangulia.

Kwanza hutafutwa mchoraji wa chombo. Kwa Shamrock ya kwanza Lipton alimchukua William Fife wa Uskoti, na chombo kikaundwa karibu na London. Kisha hutafutwa mabaharia. Hawa hawakuwa mabwana wa mjini. Walikuwa wavuvi wa vijiji vya pwani, hasa vya Essex na Uskoti, waliovua samaki wakati wa baridi na kuajiriwa katika vyombo vya mashindano wakati wa kiangazi. Walikuwa watu ambao mikono yao ilizoea kamba tangu utoto. Hata hivyo iliwapasa kujifunza upya, kwa sababu tanga moja la chombo kama hicho lilihitaji makumi ya watu kulivuta, na mtu mmoja akichelewa, wote wanachelewa. Basi walifanya mazoezi siku baada ya siku: kupandisha na kutua matanga, kugeuza chombo, kubadili tanga jepesi kwa zito upepo ukizidi, mpaka kila mmoja akajua mahali pake pasipo kuambiwa.

Matanga nayo yalikuwa na elimu yake. Tanga jipya likivutwa kwa nguvu siku ya kwanza huharibika umbo lake, wala halitengenezeki tena. Lazima litumiwe polepole katika upepo mdogo hata litanuke sawasawa. Mkuku wa risasi ulioko chini ya chombo ulipimwa, nayo sehemu iliyo ndani ya maji ilisuguliwa ikang'aa kama kioo ili ipite majini kwa wepesi. Tena chombo kikiwa peke yake hakijulikani kama kina mbio au hakina. Kwa hiyo hutafutwa chombo cha pili cha kufanyia mazoezi, kama vile mkimbiaji anavyohitaji mwenzake. Vyombo viwili huenda bega kwa bega. Mafundi hukaza kamba hii, husogeza mlingoti ule, na kuandika kila badiliko lilileta nini.

Kulikuwa na taabu nyingine iliyowapata wageni peke yao. Sheria ya kikombe ilitaka chombo cha mgeni kifike mahali pa mashindano kikielea chenyewe baharini, wala kisipakiwe ndani ya meli. Kwa hiyo Mwingereza alilazimika kuunda chombo chenye nguvu ya kuvuka Atlantiki, na Mmarekani aliunda chombo chepesi cha kuchezea mlangoni pake tu. Kabla ya safari, mlingoti mrefu wa mashindano ulitolewa, ukawekwa mfupi wenye matanga madogo. Kilipofika New York kiliingizwa gudini, mlingoti mkubwa ukasimamishwa, kamba zikafungwa upya, na watu wakaanza kujifunza upepo na mikondo ya bahari wasiyoizoea. Sheria hiyo iliondolewa mwaka 1956, muda mrefu baada ya Lipton kufa.

Shamrock ya kwanza ilivuka Atlantiki mwaka 1899 katika muda wa wiki mbili hivi, ikifuatana na Erin, meli ya Lipton ya moshi, ambayo iliivuta pepo zilipolala. Mwezi wa Oktoba vyombo viwili vilikutana nje ya Sandy Hook, karibu na New York. Cha Wamarekani kiliitwa Columbia, mchoraji wake Nathanael Herreshoff, na nahodha wake Charlie Barr, ambaye naye alizaliwa Uskoti. Safari ilikuwa ya maili 30, na chombo kisichomaliza katika saa tano na nusu mbio zake hazikuhesabiwa. Siku nyingi zilipotea kwa shwari na ukungu. Watu wa New York walipata habari za mashindano upesi kuliko wakati wowote uliotangulia, kwa kuwa kijana Marconi alikuwa baharini na mtambo wake mpya, akipeleka habari bila waya. Mwishowe Columbia ilishinda mara tatu, na katika mbio za pili Shamrock ilivunjika sehemu ya juu ya mlingoti. Lipton hakulalamika wala hakumlaumu mtu. Aliwapongeza washindi mbele ya wote, akasema atarudi.

Kwa Shamrock ya pili alimchukua mchoraji George Watson. Watson hakutaka kubahatisha. Katika mji wa Dumbarton kulikuwa na birika refu la maji, urefu wake futi 300 hivi, lililojengwa mwaka 1883 kwa ajili ya kupima maumbo ya meli. Alitengeneza vielelezo vya nta, akavivuta majini kimoja baada ya kingine, akapima ni kipi kinachosumbuliwa na maji kidogo. Hapakuwa na chombo cha matanga kilichopata kuandaliwa kwa elimu kama hiyo.

Lakini elimu haizuii ajali. Tarehe 22 Mei, 1901, chombo kilikuwa katika mazoezi karibu na Southampton, na Mfalme Edward wa Saba alikuwa amepanda kutazama. Ghafula upepo ukavuma, kamba moja ikashindwa, na mlingoti mzima pamoja na matanga yote ukaanguka baharini. Ilikuwa bahati kubwa kwamba hakuna aliyeumia. Wamarekani wakakubali kuahirisha mashindano ili mgeni wao apate kutengeneza chombo chake.

Mwaka huo Wamarekani nao walikuwa wameunda chombo kipya, Constitution. Walipokijaribu pamoja na Columbia ya zamani, Columbia ikashinda. Maana Charlie Barr na mabaharia wake walikuwa wamezoeana na chombo chao kama vidole vya mkono mmoja. Basi Columbia ikachaguliwa tena. Ilishinda mbio mbili za kwanza. Katika mbio za tatu Shamrock ya pili ilifika mbele kwa nukta mbili tu. Lakini kwa kuwa ilikuwa na nguvu zaidi ya matanga, sheria ilitaka impe mwenzake nukta 43, na hesabu ilipofanywa ikaonekana imeshindwa kwa nukta 41. Hebu fikiri: miezi mingi ya kazi, bahari nzima kuvukwa, kisha kushindwa kwa muda ambao mtu hawezi hata kufunga kamba za viatu vyake. Lipton alikubali.

Mwaka 1903 alitengeneza Shamrock ya tatu. Safari hii msiba ulikuwa wa kweli. Mwezi wa Aprili, katika mazoezi karibu na Weymouth, upepo mkali ulivunja mlingoti, na baharia mmoja akatupwa majini akafa. Mchezo ni mchezo, lakini maisha ya mtu hayarudi, na habari hii yatukumbusha kwamba waliokuwa wakivuta kamba walikuwa katika hatari kubwa kuliko bwana aliyewalipa. Chombo kikatengenezwa, kikaenda Marekani, pamoja na Shamrock ya kwanza kwa ajili ya mazoezi. Huko kilikutana na Reliance, chombo cha Herreshoff chenye matanga ya futi za mraba zaidi ya 16,000, kikubwa kuliko vyote vilivyopata kushindania kikombe kwa mlingoti mmoja. Reliance ilishinda mara tatu. Katika mbio za mwisho Shamrock ilipotea katika ukungu, isiuone hata mstari wa kumalizia.

Miaka kumi ikapita. Shamrock ya nne, iliyochorwa na Charles Nicholson, ilianza safari ya Marekani mwaka 1914. Ilikuwa bado katikati ya bahari Vita Kuu ilipotangazwa mwezi wa Agosti. Ilifika New York, lakini nani angefikiri juu ya mashindano? Ikavutwa pwani, ikakaa huko muda wote wa vita. Lipton naye akaitoa meli yake Erin kwa kazi ya Msalaba Mwekundu. Alichukua madaktari na wauguzi mpaka Serbia, ambako homa ya chawa ilikuwa ikiua watu kwa wingi, naye mwenyewe akaenda kuwatazama wagonjwa. Baadaye Erin ilichukuliwa kwa kazi ya vita, na mwaka 1916 ikazama karibu na Malta kwa kugonga bomu la baharini.

Mwaka 1920, Lipton akiwa na umri wa miaka 72, Shamrock ya nne ilitolewa pwani, ikatengenezwa, ikafanya mazoezi na Shamrock nyingine iliyoletwa kutoka Uingereza. Mwezi wa Julai ilipambana na Resolute. Katika mbio za kwanza henza la Resolute lilikatika, tanga kuu likashuka, na Shamrock ikashinda. Mbio za pili Shamrock ikashinda tena, safari hii kwa mbio zake. Sasa ilibaki mara moja tu! Uingereza nzima ilisubiri. Katika mbio za tatu vyombo vyote viwili vilitumia muda ule ule, saa nne, dakika tatu na nukta sita, bila tofauti hata ya nukta moja. Lakini Shamrock, kwa ukubwa wa matanga yake, ilikuwa na deni la dakika saba na nukta moja, kwa hiyo ikahesabiwa imeshindwa. Resolute ikashinda na mbio mbili zilizobaki. Lipton hakupata kukikaribia kikombe kuliko siku hizo.

Mzee akangoja miaka kumi mingine. Mwaka 1930 alileta Shamrock ya tano, iliyochorwa na Nicholson vile vile na kuundwa Gosport. Nyumbani ilikuwa imeshinda mashindano mengi wakati wa kiangazi, na matumaini yalikuwa makubwa. Lakini angalieni maandalizi ya upande wa pili. Wamarekani walikuwa wameunda vyombo vinne vipya, si kimoja, wakavishindanisha kiangazi kizima hata wakapata kilicho bora, nacho ni Enterprise cha Harold Vanderbilt. Mlingoti wake ulikuwa wa madini mepesi, na chini ya sitaha kulikuwa na mitambo ya kuvutia kamba. Katika Shamrock kazi nyingi bado ilifanywa kwa nguvu za mikono. Mashindano yalifanywa Newport, mwezi wa Septemba. Enterprise ilishinda mara nne mfululizo, na katika mbio za tatu henza la Shamrock lilikatika, tanga likaanguka. Inasemekana kwamba Vanderbilt mwenyewe hakufurahi kama alivyotazamia, kwa kumwonea huruma mzee yule wa miaka 82.

Ndipo likatokea jambo ambalo halikuwa limeandikwa katika sheria yoyote. Will Rogers, mchekeshaji na mwandishi mashuhuri wa Marekani, alishauri katika magazeti kwamba kila apendaye atoe dola moja, ili Lipton anunuliwe kikombe kizuri kuliko kile alichokikosa. Watu wa kawaida kwa maelfu wakatoa. Kikatengenezwa kikombe cha dhahabu, na mwezi wa Desemba 1930 Meya wa New York akamkabidhi. Kombe la Amerika lilitolewa kwa mshindi. Kikombe hiki kilitolewa kwa aliyeshindwa vizuri kuliko watu wote.

Mwaka 1931 chama cha Royal Yacht Squadron kilimkubali mwishowe kuwa mwanachama, naye karibu haja ya kwenda imekwisha. Alifariki tarehe 2 Oktoba, 1931, nyumbani kwake London, akazikwa Glasgow pamoja na wazazi wake. Sehemu kubwa ya mali yake aliiachia mji huo, kwa ajili ya maskini na hospitali zake. Shamrock ya tano ingalipo hata leo. Kombe lenyewe lilibaki mikononi mwa Wamarekani hata mwaka 1983, chombo cha Australia kilipolichukua kwa mara ya kwanza, baada ya miaka 132.

Wako waliosema, na wako wasemao hata sasa, kwamba Lipton alifanya yote haya ili auze chai. Hatuwezi kukana kwamba jina lake katika magazeti lilimletea wateja wengi. Yeye alijua nguvu ya tangazo tangu siku za nguruwe wake. Tena yatupasa kusema kweli kwamba yeye hakuwa baharia. Hakushika usukani katika mashindano hayo. Alitazama akiwa katika meli nyingine, na kazi ilifanywa na wengine ambao majina yao yamesahauliwa. Lakini mtu wa miaka 82, ambaye chai yake ilikwisha kujulikana dunia nzima, hakuhitaji kwenda mara ya tano kwa ajili ya biashara. Alikwenda kwa sababu ya yule mtoto wa madimbwi ya Gorbals.

Tena tuangalie sababu za kushindwa kwake. Hakushindwa kwa bahati mbaya tu. Mara nyingi upande wa pili ulikuwa umejiandaa zaidi: vyombo vingi vya kujaribia, mabaharia waliozoeana, mitambo mipya, bahari ya nyumbani. Lord Dunraven aliposhindwa alitafuta mkosaji. Lipton aliposhindwa alitafuta mchoraji bora, matanga bora na mazoezi marefu zaidi. Mtu wa kwanza aliacha chuki nyuma yake. Wa pili aliacha urafiki.

Wazee wetu walisema kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Wengi hudhani maana yake ni kunyamaza tu mtu anaposhindwa, kama kwamba ni jambo rahisi. Maisha ya Sir Thomas Lipton yatuonyesha kwamba maana yake ni mambo mawili pamoja: kumpa mshindi mkono kwa moyo safi, na kesho yake asubuhi kuanza tena mazoezi.